Pete ya Odell Pruitt Haikupita

Bado hajavua koti la baridi, Lourdes Medeiros anaiweka pete kwenye mzani. Ni nzito, ina almasi juu na jina PRUITT ubavuni. Anaisogeza karibu na taa, anachungulia ndani kwa kioo cha kukuza, kisha anachungulia tena.

Mbele yake Vernell Pruitt amekumbatia mkoba. Mumewe, Odell, alicheza futiboli ya Kimarekani, timu yake ikatwaa ubingwa na kila mchezaji akavishwa pete. Leo Odell yuko kwenye nyumba ya wazee, akili imeharibiwa na kugongwa uwanjani, hamtambui hata mkewe. Vernell amemvua pete akiwa usingizini, aiuze ili amhamishie kwenye nyumba yenye wauguzi wa kutosha.

Lourdes, mwenye umri wa miaka 63, alisugua pete kiwandani hapa Attleboro, Marekani, kwa miaka thelathini, hadi kiwanda kikafungwa. Sasa yuko kwenye nyumba ya mnada wa kumbukumbu za michezo, akitenga halisi na bandia. Ni kazi ya kuwaharibia watu siku, na hulipwa kwa kila pete, iwe ya kweli au ya uongo.

“Watu wanadhani nafurahia kukamata bandia,” anasema. “Nifurahie nini? Walaghai hawaji wenyewe. Wanaokaa kwenye kiti kile ni wake zao waliodanganywa, wajane na watoto.”

Anayeghushi huikandamiza pete halisi kwenye udongo laini apate kalibu, yaani umbo lake tupu, kisha humimina dhahabu humo. Dhahabu ikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo. Tena kalibu haichagui, hunakili hata mikwaruzo. Mkwaruzo wa kweli una kingo kali. Wa kunakiliwa umelainika kama sabuni iliyotumika.

Ndani ya pete hii kuna mkwaruzo wenye umbo la ndoano, na umelainika. Lourdes anaujua. Mwaka jana alipitisha pete nyingine ya Pruitt yenye ndoano hiyo hiyo, kingo zake kali. Mwenye nayo aliinunua kwa Odell mwenyewe, zamani. Lourdes alidhani familia inajua.

“Mama, hii ni nakala,” anamwambia.

“Haiwezekani, dada. Tulipopokonywa nyumba nilimpigia magoti aiuze, akakataa. Nilimwita mbinafsi mbele ya wanawe.”

Lourdes anamweleza kuhusu ile ya mwaka jana, kwamba Odell aliiuza na kubaki na nakala. Vernell anauliza Odell aliiuza lini. Anapotajiwa mwaka, mkoba unamponyoka. Ulikuwa mwaka ambao yeye Vernell alifanyiwa upasuaji wa moyo, kabla hata ya kupoteza nyumba.

“Aliniambia timu imelipa hospitali,” anasema polepole. “Nikawaandikia barua ya shukrani. Akasema ataiposti mwenyewe.”

Inatia uchungu kumtazama. Wa kumwomba radhi yupo, ila hamjui tena.

Desturi ya hapa ni kuikata bandia kwa tupa, isirudi sokoni, mwenye nayo akikubali. Lourdes anaishika tupa kwa sababu ndiyo kazi. Vernell anaifunika pete kwa kiganja.

“Usiikate. Akiamka ataitafuta.”

Lourdes anaifuta kwa kitambaa na kumrudishia. Fedha za kumhamisha Odell hazipo, na Vernell anatoka bila kuaga.

Kwa muda mrefu Lourdes amepanga kuacha kazi majira ya kuchipua, akaishi na dada yake kule mjini Fall River. Sasa anasita. Anasema Odell akifa pete itarithiwa, na siku moja mwanawe ataketi kwenye kiti kile.

“Mwingine atamwambia ni bandia, basi, achukue aende,” anasema, akivuta pete inayofuata. “Natumaini nitakuwa bado hapa, nimwambie baba yake aliiuza kwa nini.”