Miguu Kumi na Miwili ya Mama Spoki

Wanachama wa klabu ya ndege ndogo za mashindano, zile zinazorushwa kwa rimoti, walimpa fundi baiskeli mmoja jina la Mama Spoki, naye hakulikataa. Miguu ya ndege iliyoagizwa nje ilikaribia bei ya ndege yenyewe. Yeye aliitengeneza kwa spoki kuukuu za baiskeli, na magurudumu akayakata kwenye soli za ndala zilizochakaa. Hata mwenye kipato kidogo aliimudu.

Wiki ya mashindano aliletewa oda ya ndege sita, yaani miguu kumi na miwili. Siku zote alizikunja spoki zikiwa baridi, kwa koleo na nguvu za mkono. Safari hii haraka ilimshinda, akazipitisha motoni. Zikakunjika kama tambi. Akajipongeza, akagawa kazi yote siku hiyohiyo.

Alhamisi alibonyeza spoki moja iliyobaki mezani. Ikapinda, ikabaki imepinda. Moto ulikuwa umeua uspringi wote, ile nguvu ya kujirudi. Jumamosi ndege zingetua kwa tumbo, na ndege iliyogusa tumbo chini hutolewa mashindanoni.

"Nyamaza tu, wifi yangu," alisema dada wa mumewe, aliyekuwa akikata soli. "Watasema rubani hajui kutua."

"Na mimi nitasema nini?"

"Wewe nawe! Umejiajiri upolisi wa nafsi yako?" Wifi akacheka, kisha akavuta kigoda. "Haya, leta koleo."

Wengi wangenyamaza, na wangejiita werevu. Ijumaa alfajiri Mama Spoki alipita nyumba hadi nyumba akiungama kosa lake na kuomba miguu irudi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mstaafu.

"Miaka thelathini nimesahihisha madaftari," mzee alisema, "sijaona mtu akiniletea kosa lake mlangoni!"

"Shikamoo kwanza, mwalimu. Halafu nipe hiyo miguu, utanisema baadaye."

"Marahaba. Ukichelewa nakuja kukaa karakanani kwako!"

Akaja kweli, akakaa, akawasimulia vichekesho huku wao wakikunja spoki nyingine zikiwa baridi mpaka viganja vikawaka. Kila mguu Mama Spoki aliubonyeza mara tatu. Usipojirudi, ulitupwa.

Jumamosi ndege ya mwalimu ilishuka vibaya, ikajibamiza uwanjani. Miguu ikatanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo, ikajirudi, ndege ikadunda mara mbili na kusimama wima. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

"Miguu ya kwetu hiyo!" wifi alipiga kelele, akirusha kiatu juu.

Ya pili ikatua, ya tatu, mpaka ya tano. Mwenyekiti wa klabu akamfuata Mama Spoki na kipaza sauti, aseme maneno mawili.

"Baadaye, baba," alimjibu, akimsogeza kwa kiwiko huku kicheko kimemjaa. "Nipishe kwanza, ya sita inashuka!"