Doa Jeupe Ukutani

Kazi yangu siku ile ilikuwa kutafsiri, basi nilitafsiri. Mpiga picha, mgeni aliyezunguka juu ya Djugu, kwetu, kwa ndege ndogo, aliwaeleza waalikwa kwa Kifaransa kwamba zile alizozitundika ukutani si picha za machimbo ya dhahabu. Ni rangi tu, alisema, ni mistari, tuache macho yacheze. Upuuzi huo niliutoa kinywani mwangu kwa Kiswahili kizuri, na watu wazima wa mji wa Bunia wakaitikia kwa vichwa, glasi za juisi mkononi.

Mama nilimleta mwenyewe. Nilitaka anione nimeshika mikrofoni. Tangu tukimbie vita hakuwahi kurudi nyumbani. Walituambia amani imefika, lakini kwenye barabara ya kwenda huko watu walikuwa bado wanauawa. Kila aliyetoka huko alimuuliza jambo moja: kaburi la mume wake bado lipo? Tulikuwa tumelijengea kwa karo nyeupe, vile vigae vya kung'aa, na yeye alilipangusa kila Jumamosi kama meza ya wageni. Hakuna aliyemjibu sawasawa.

Alisimama mbele ya picha kubwa kuliko zote, akapinda shingo hadi kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Hii foto baliitundika kichwa chini," akaniambia. "Muto iko ku chini ya shamba yetu, haiko ku juu."

Nikapinda shingo na mimi. Mto, mikaratusi ya jirani, njia ya kisimani. Shamba letu lilikuwa shimo la maji ya kijani.

Mpiga picha akaja akitabasamu, akidhani amepata mpenzi wa sanaa. Akaweka kidole juu ya doa jeupe ukingoni mwa shimo. Hili, alisema, ndilo linaloishika picha nzima. Nilitafsiri. Mungu anisamehe, nilitafsiri hata hilo, kabla sijaelewa ninachokitazama.

Mama hakulia. Alikishika kile kidole, akakiondoa.

"Umuambie asiguse bwana yangu. Na umuulize, mashini ya kuchimba ilikuwa mbali naye, ao karibu?"

Niliuliza. Akajibu bila haya: ilikuwepo, karibu kabisa, lakini aliikata kwenye picha kwa sababu iliharibu mistari.

Hilo sikulitafsiri. Mama aliendelea kunitazama, akisubiri.