Mipini Sita ya Jiko la Doornfontein

Mwaka 2016 nilikuwa muosha vyombo katika mgahawa mmoja Doornfontein, na jikoni mle hakukuwa na mtu chini yangu. Mpishi mkuu, mama wa makamo mzaliwa wa Soweto, alikuwa mtu wa haki, ila hakuwa na muda wa kumuuliza muosha vyombo anafikiria nini.

Jumatano moja akaja mkaguzi wa afya. Alivishika visu vyetu sita vya mipini ya mbao, akavigeuza kwenye mwanga, akatuonyesha nyufa zilizojaa uchafu.

"Jumatatu narudi," alisema. "Nisivikute hivi."

Alipotoka tu, mpishi mkuu akaamua. "Vitupwe vyote. Tutanunua vya plastiki."

Aliyeumia ni mkata nyama wetu, mzee wa Bukavu. Kisu kimoja kati ya vile sita hakikuwa cha mgahawa. Kilikuwa cha marehemu baba yake, aliyekuwa akiuza nyama sokoni, na mzee alitoka nacho kwao kimefungwa ndani ya begi la nguo. Alikichukua mezani, akakaa nacho mapajani.

Kosa nililijua. Lilikuwa langu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natia visu vile kwenye mashine ya kuoshea pamoja na sahani, kwa kuwa ndivyo nilivyoelekezwa. Na mimi ni mtoto wa seremala wa Tanga! Nimekua nikipaka nta mipini ya patasi za baba. Ubao ukiuchemsha na kuukausha kwa joto kila siku, utavimba, utanywea, mwisho utapasuka. Nilikuwa najua, nikanyamaza nisionekane mjuaji.

Siku ile nilisema. "Mama, nipe mpaka Jumatatu. Nitavitengeneza."

Akanitazama kuanzia viatuni hadi kwenye kilemba. "Wewe?"

"Mimi."

"Eish. Sharp, haya. Lakini vikirudi vibovu, navitupa mbele ya macho yako."

Ijumaa nilivifunga kwa matambara, nikavitia kwenye sufuria yenye mfuniko, nikatembea hadi Berea nilikokuwa nimepanga chumba. Kupanda teksi na visu sita niliona ni kujitafutia balaa. Hata hivyo mlinzi wa jengo letu alifunua sufuria, akaruka nyuma, na ikabidi nimweleze kisa chote pale mlangoni.

Jumamosi asubuhi nilianza na vile vitano vya mgahawa. Nilichokonoa nyufa kwa sindano hadi uchafu ukaisha, nikasugua kwa brashi na sabuni, nikaacha mipini ikauke sawasawa juani. Nyufa nikaziziba kwa gundi isiyoingiza maji. Kisha msasa, kwanza wa kukwaruza, halafu laini, nikifuata nyuzi za ubao.

Cha mzee kilinitoa jasho. Mpini ulikuwa umepasuka kutoka pini ya kwanza ya chuma inayoushikilia hadi ya mwisho. Njia rahisi ilikuwa kuung'oa na kuchonga mwingine. Nilikuwa na mguu wa kiti cha mti mgumu, ungefaa. Lakini nilipoushika ule mpini wa zamani, kidole gumba changu kilizama kwenye kishimo. Si cha kuchongwa. Ni gumba la baba mtu, na baada yake la mwanawe, yaliyoula ubao kidogo kidogo. Nikampigia simu.

"Mzee, niubadilishe mpini au niutibu?"

"Mutoto yangu, ukibadilisha, itabakia kisu. Lakini haitakuwa tena ya baba yangu."

Nikautibu. Nilichanganya gundi na unga wa ubao wake wenyewe, nikaujaza ule ufa, nikaubana kwa kamba za viatu hadi kesho yake. Jumapili nikaupiga msasa kila mahali isipokuwa kile kishimo, nilichokisafisha kwa kitambaa tu. Mwisho nikaipaka mipini yote nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia siyatumii. Yanachacha, mpini unanuka. Nilisugua nta kwa kiganja mpaka mbao zikapata joto na rangi yake ikarudi.

Jumatatu mkaguzi alipitisha ukucha kwenye kila mpini, taratibu. Ukucha haukukwama popote.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Fundi wetu," alisema mpishi mkuu, akaninyooshea mkono. Mimi nilikuwa kwenye sinki, povu hadi viwikoni. Sikuinamisha uso. Niliacha wanitazame.

Mzee akachukua kisu chake, akaweka gumba mahali pake, akalisogeza mara mbili tatu. Tangu niingie mle alikuwa akiniita mutoto.

"Aksanti, mama," akasema.

Tangu hapo visu vya mbao vikawa vyangu. Vinaoshwa kwa mkono, vinafutwa papo hapo, vinapakwa nta kila mwisho wa mwezi. Mwaka uliofuata nikahamishiwa kwenye meza ya kukatia, na hadi naondoka mwaka 2019 majiko mawili ya jirani yalikuwa yakiniletea mipini yao.

Mchana mmoja wenye wateja wengi, nilimwona mpishi mkuu akitaka kutumbukiza kisu mashineni.

"Mama, hicho hakiingii humo."

Akakitazama kisu, akanitazama mimi. Kisha akakunja mikono ya koti lake jeupe, akasogea kwenye sinki, akakiosha mwenyewe.