Nilimwambia Mama Breki Zinashika

Kosa ni langu peke yangu, na naomba mtu asinisaidie kulibeba. Jina langu liacheni. Watu wa Ujiji wakisoma watanijua, na wana haki.

Marehemu baba alituachia gari la michezo la miaka ya sabini, milango miwili, bonti ndefu, rangi ya fedha. Alilinunua kwa Mzungu aliyemaliza mkataba wake hapa Kigoma. Kwa jinsi lilivyo refu na jembamba, watoto wa mtaani walilipa jina la samaki wa ziwa letu: Mgebuka.

Baba alikuwa na sheria moja. Kila Ijumaa baada ya swala, gari litoke Ujiji, liende Mwandiga, lirudi. Na pale barabara inaponyooka na hakuna mtu, dereva akanyage breki kwa nguvu mara tatu. Alipofariki, mama akashika usukani. Mjane wa miaka sitini, kajifunga kitenge, miguu peku, maana hakuwahi kuendesha na viatu. Bodaboda wa Gungu walimpisha na kumpigia honi.

Kisha mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Dar, nimerudi nyumbani nasubiri kazi. Usukani ukawa wangu.

Mnijue kwanza. Kijiweni waliniita Ushahidi, kwa sababu hakuna neno lililopita bila mimi kuuliza lina ushahidi gani. Dawa za mizizi, ndoto za shangazi, ahadi za wagombea, vyote nilivihoji. Kwa hiyo nilimuuliza mama: kwa nini Ijumaa? Kwa nini Mwandiga, wakati hatuna shughuli kule? Na kwa nini mara tatu, si mbili?

"Gari ni kama goti," alisema. "Lisipokunjwa linagoma. Hayo ya mara tatu kamuulize fundi."

Sikwenda kwa fundi. Niliamua mwenyewe kwamba ni mazoea ya marehemu, tambiko lenye matairi. Niliendesha Ijumaa tatu au nne, halafu nikabuni njia yangu. Nililitoa gari getini, nikalisogeza mpaka nyuma ya ghala bovu la mawese, hata mita mia mbili hazifiki, nikaliacha linaunguruma huku mimi nachezea simu. Injini inawaka, betri inachaji, kuna nini zaidi? Baada ya saa nzima narudi.

Mama alikuwa akinisubiri barazani. Swali lake lilikuwa moja: Mwandiga kukoje?

Nikaanza kutunga. Leo mvua imenyesha. Leo wauza ndizi wamegombana na konda mpaka mkungu ukaishia mtaroni. Mama alicheka hadi akafuta machozi kwenye yale macho yasiyoona. Nilijiambia namfurahisha. Nilimfurahisha hivyo zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka huu akafanyiwa upasuaji. Bandeji zilipotoka alinitazama usoni kwa muda, akasema nimekonda. Wiki kadhaa zikapita, daktari akamruhusu kurudia shughuli zake. Ijumaa iliyofuata alitoka chumbani miguu peku, ufunguo mkononi. Alitaka kwenda mjini kwa dada yake, karibu na stesheni. Alikuwa hajauona uso wa dada huyo kwa miaka miwili.

Nikasema nimwitie bajaji.

"Bajaji ya nini, na Mgebuka yupo hapa na afya yake?"

Alikaa, akapapasa usukani kama mtu anayemshika mtoto kichwa. Kisha akaniuliza, "Baba, breki zinashika?"

Neno la kweli lilikuwa moja tu: sijui. Lakini neno hilo lingefungua mengine yote, mvua, wauza ndizi, lile ghala.

"Zinashika, mama."

Akanishukuru! Akaniambia nipande twende wote. Nikasema kuna mtu nakwenda kuonana naye. Hakukuwa na mtu. Kiti cha pili kilikuwa kitupu na mimi nilikataa kukikalia. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote: kwa roho yangu nilizitilia shaka breki zile, kwa roho yake sikuzitilia.

Mnaujua mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni. Pedali ilimshikia mara ya kwanza. Ya pili ikamshikia. Ya tatu ikazama mpaka chini. Akavuta breki ya mkono, haikushika. Mbele yake wanawake walikuwa wamepanga dagaa kando ya barabara. Mama aliwaona vizuri, macho yalikuwa mapya. Akakata usukani, akaliingiza gari kwenye ukuta wa mawe.

Nyonga ilivunjika, na uti wa mgongo ukaumia. Huu ni mwezi wa tano hajasimama. Macho yake yamepona kabisa, na kutwa yanatazama dari.

Fundi aliyelihudumia gari tangu enzi za baba aliyafungua magurudumu mimi nimesimama pale. Raba za breki zilikuwa zimekauka na kupasuka. Silinda zimeshika kutu. Hapo ndipo nilipouliza, kwa kuchelewa, kwa nini mara tatu.

"Breki inayochoka hukudanganya ya kwanza, ikakudanganya ya pili," alisema. "Ya tatu ndiyo inaumbuka. Baba yako alikuwa anaipa nafasi iumbukie pasipo na watu." Akaifuta ile raba kwenye suruali yake. "Hili gari lilikuwa linalala, kijana. Mama yako sijamwambia. Hiyo ni kazi yako."

Sijaifanya. Wageni wakija kumjulia hali, mama huwaambia ni ajali tu, kwamba huyu mwanawe hakukosa Ijumaa hata moja. Wananipa pole, wananisifu. Ole wangu, nazipokea!

Wenzangu mliosoma, hojini. Ila mkishauliza, nyanyukeni mkalifuate jibu liliko. Mimi niliuliza ili nishinde, nikashinda. Na mzazi wako akikuuliza kama breki zinashika nawe hujui, mwambie hujui. Aibu ya neno hilo ni ya siku moja.

Nimeanza kwenu kwa sababu kwake nimeshindwa. Leo tena ni Ijumaa. Ananiita kutoka kitandani, anataka nimsimulie Mwandiga.