MC wa Matanga na Wanablogu wa Homa Bay

Mwaliko ulikuja kwa simu nikiwa nyumbani Suna, mikono imejaa magamba ya samaki. Aliyenipigia alikuwa mwanamume mwenye duka la kompyuta kule Homa Bay. Alisema ameandaa mkutano wa wanablogu na wajenzi wa tovuti wa pande zetu, na alitaka niwe mmoja wa wazungumzaji. Siku hizo blogu yangu ya mapishi ya samaki ilikuwa na wasomaji wachache mno. Mmoja wao akinyamaza wiki nzima nilianza kujiuliza kama ni mgonjwa. Nikakubali kabla hajamaliza kuniambia ni lini.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kwa hivyo Wakatoliki wangefika wakiwa wamevaa vizuri na sisi Wasabato tusingekuwa na kisingizio. Nilipofika ukumbini nilimkuta mwenye duka akitoka jasho. MC aliyekuwa ameahidi kuja alikuwa amepata harusi mahali pengine, na harusi ina nyama. Mwenye duka akahangaika asubuhi yote mpaka akampata mtu mmoja ambaye kila mtu pande zile anaijua sauti yake, kwa sababu kila mtu pande zile amezika.

"Ni MC wa matanga," akaninong'oneza. "Lakini MC ni MC tu, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

MC mwenyewe alikuwa mwanamume mnene, suti nyeusi, kitambaa cheupe mkononi tayari kwa machozi ya yeyote. Alinifuata penye chai akanisalimia kwa mikono miwili, taratibu, kama anayenipa pole. Kisha akaanza kuniuliza maswali. Nilizaliwa wa ngapi? Nilisoma wapi? Nilibatizwa mwaka gani? Nimeolewa wapi, na wakwe zangu ni watu wa namna gani? Nilidhani ni mtu makini sana katika kazi yake. Nilimjibu kila kitu, hata nikamweleza kuhusu ule mwaka nilipougua malaria nikiwa shule ya upili.

Mbele ya ukumbi kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Mwenye duka alikuwa amenuia kuchapisha picha kubwa za wazungumzaji wote, lakini printa iliishiwa na wino baada ya kutoa yangu. Basi picha yangu ikasimama peke yake mezani, nikitabasamu, na mtu mwenye nia njema akaizungushia maua yaliyobaki kanisani. Simu ya mwenye duka ilifungwa kwenye kiti, ikaelekezwa mezani, ili wale ambao hawakuweza kuja wafuatilie laivu. Mimi mwenyewe ndiye niliyetuma habari ya laivu hiyo kwenye kundi la familia la simu. Hakuna aliyejibu. Nilidhani hakuna aliyejali.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa jamaa wa Migori anayejengea shule tovuti. MC akashika maikrofoni, akainamisha kichwa, akaanza kwa ile sauti yake inayotoka tumboni.

"Ndugu wapendwa, tumekusanyika hapa leo kwa sababu ya kijana wetu. Kijana mpole. Kijana ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Alijenga tovuti nyingi, na tovuti hizo ametuachia sisi."

Watu wakacheka. MC hakucheka. Jamaa wa Migori alipanda jukwaani akijishika kifua kama anayehakikisha moyo unapiga, akatufundisha kwa nini tovuti nyingi za kwetu hazifunguki. Zilikuwa na picha kubwa mno za mkuu wa shule. Alisema jambo hilo kwa uchungu mwingi, na naamini lilimgharimu marafiki.

Kisha ikafika zamu yangu.

"Wasifu," MC akasema, akafuta paji la uso. "Wasifu wa dada yetu. Alizaliwa Awendo, mtoto wa tatu katika familia iliyomcha Mungu. Alibatizwa akiwa msichana mdogo. Alipokuwa shule ya upili aliugua malaria." Akanyamaza. Mama mmoja nyuma akatoa mlio wa huruma. "Madaktari walijitahidi."

Nilitaka kupiga kelele kwamba madaktari walifaulu, lakini mtu hakatizi wasifu. Tumelelewa hivyo.

"Alipenda kupika. Alipenda watu. Nani hapa hakula samaki wake? Leo picha yake iko mbele yetu, inatabasamu. Ameacha mume, watoto, na blogu moja. Naomba tusimame tumpe heshima zake."

Ukumbi mzima ukasimama. Waliovaa kofia wakazivua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pia, nikainamisha kichwa, nikakunja mikono mbele. Ni mazoea ya mwili tu. Nilikuwa karibu kufumba macho jirani yangu aliponigusa kiwiko: "Dada, ni wewe unaitwa."

Nikapanda jukwaani. Nilizungumza vizuri, nadhani. Nilieleza namna ya kupiga picha ya omena, dagaa wetu wa ziwani, ili isionekane kama takataka kwenye sahani, kazi ambayo si rahisi. Watu waliuliza maswali. Nilishuka nikiwa na furaha, nikachukua sahani ya chapati na maharagwe, nikaketi. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba laivu ilikuwa imekatika kwa sababu ya mtandao, na ilikatika hapo hapo watu waliposimama. Aliyekuwa akitazama aliona picha yangu kwenye maua, akasikia kwamba nimeacha mume, watoto na blogu moja, kisha giza.

Nilitoa simu mkobani nikakuta nimeingizwa kwenye kundi jipya. Kundi lenyewe liliitwa Kamati ya Mazishi. Binamu yangu wa Awendo ndiye aliyeliunda, na kwa haraka yake aliwaingiza watu wote wa familia bila kumruka yeyote.

Nikaanza kusoma. Baba mdogo alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti na tayari kulikuwa na upinzani. Mmoja alitaka kujua ng'ombe atatoka boma gani. Mwingine alisema hema ziwe za buluu, kwa kuwa marehemu alipenda buluu. Sijawahi kupenda buluu. Binamu alieleza kwamba nimefia mkutanoni, ghafla, kwa sababu ya kompyuta, na kwamba yeye alikuwa amenionya kuhusu hizo kompyuta.

Nikaandika: "Jamani, mimi niko hai."

Kisha baba mdogo akaandika: "Nani ameshika simu ya marehemu?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Mwizi wewe," binamu akajibu. "Hata aibu huna. Rudisha simu ya watu."

Nikampigia. Alipokea kwa ukali, akasema kama kweli ni mimi nimwambie alianguka wapi siku ya harusi yake. Nikamwambia alianguka kwenye bakuli la supu.

"Kwa hivyo hujakufa?"

"Sijakufa."

"Sasa hema tutafanya nini?"

Nikamwambia kwanza amtafute mama yangu kabla habari haijamfikia. Alikuwa amechelewa. Alikuwa ameshatuma mtu shambani kwenye miwa, na yule mtu alimweleza mama kwa upole wote. Mama baadaye alinisimulia alivyomjibu. "Huyo alinipigia asubuhi kuniuliza kama nimekunywa dawa. Mtu anayesumbua watu hivyo hafi upesi." Akaendelea kupalilia.

Mtu mmoja hakuambiwa na yeyote kwamba niko hai, kwa sababu hakuuliza. Huyo ni dada wa baba yangu, waya kama tunavyowaita kwetu, anayenunua omena kisiwani Remba na kuziuza sokoni pale pale Homa Bay. Habari ilimfikia akiwa kwenye biashara. Nilikuwa ndio kwanza naweka kipande cha chapati mdomoni, na jukwaani jopo likijadili namna ya kuwavutia wasomaji, tuliposikia sauti nje.

"Uwi! Uwi! Nyar owadwa! Binti wa ndugu yetu!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Waya aliingia akikimbia, leso imefungwa kiunoni, tawi la mti mkononi, nyuma yake wachuuzi wenzake wawili wakilia naye kwa ushirika. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani penye picha yangu, akaizunguka, akaisemesha. Akaiuliza kwa nini nimemwacha. Akaiuliza nani atamzika yeye sasa, maana watoto wake mwenyewe ni wavivu. Wanablogu wote walitoa simu wakaanza kurekodi.

Nilimwendea nikiwa bado na chapati mdomoni. "Waya," nikasema. "Waya, ni mimi."

Akageuka. Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Macho yakamtoka. Lakini hakuacha kulia. Aliinua kidole kunionyesha ningoje, akamalizia ubeti aliokuwa ameuanza, pamoja na jina la babu yangu na sifa za ukoo wetu, ndipo akafuta uso.

"Kilio hakikatwi katikati," akasema. "Ni mkosi." Kisha akanichapa na lile tawi begani. "Uko hai na unakula?"

"Waya, kuna mtu alikosea."

"Nani?"

Ukumbi mzima ukamtazama MC. Waya akamwendea. MC alirudi nyuma mpaka ukutani, na kwa kuwa hofu humrudisha mtu kwenye kile anachokijua, alifungua kitambaa chake cheupe akampa.

"Mama, pole sana," akasema. "Mungu ndiye anayejua. Tulimpenda sana."

"Tulimpenda nani? Si huyu hapa?"

"Ndiyo, mama. Jipe moyo."

Nadhani hapo ndipo waya alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, na wachuuzi wenzake wakakaa naye, na MC akabaki amesimama juu yao bila kujua kama hilo nalo linahitaji maombi. Mwenye duka akawaletea chapati. Waya alikula, akaongezewa, akasikiliza sehemu ya jopo iliyosalia kwa umakini mkubwa, na watu walipoulizwa kama kuna swali, yeye ndiye aliyeinua mkono. Alitaka kujua kama nzi wa ziwani wanaweza kuingia kwenye tovuti. Jamaa wa Migori alisema hapana. Waya hakuridhika.

Kamati haikuvunjwa. Baba mdogo alisema mtu hachaguliwi mwenyekiti kwa bure, na watu walikuwa wameshakubaliana kukutana nyumbani kwa mama kule Awendo Jumapili iliyofuata. Basi wakakutana. Waliketi chini ya hema, ambazo zilikuwa za buluu, na mimi nikaketi nao nikiwa nimevaa gauni langu jekundu kwa makusudi. Tuliomba, tukashukuru kwa uhai. Halafu baba mdogo akasimama akakohoa. Alisema ametunga hotuba, ameihifadhi kichwani wiki nzima, na haiwezekani iharibike.

Akaitoa yote. Alisema nilikuwa mtu wa kujitolea. Alisema nilipokuwa mdogo nilimbebea maji akiwa ameumia mguu kule kwenye miwa, kila asubuhi bila kutumwa, na kwamba hakuwahi kunishukuru kwa sababu hakujua aanzie wapi. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Alisema anaisoma blogu yangu, yote, na kwamba akishindwa kusoma maandishi madogo humpa mjukuu amsomee. Sikujua. Nilitazama chini, nikaanza kunyoosha upindo wa gauni. Kisha akasema nilikuwa pia mkaidi, nilimdharau alipochagua mume mwingine kwa ajili yangu, na kwamba ugali wangu haujawahi kuiva vizuri, lakini hayo tumwachie Mungu.

Alipotaka kuketi, mama yangu alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Endelea kidogo," akamwambia. "Nyama bado ni ngumu."