Sauti Tatu Nyuma ya Mlango

Ijumaa hiyo ya mwaka 2013 Doha ilikuwa mapumzikoni, lakini Eldoret ilikuwa kazini. Jebet, askari wa mlangoni katika jumba moja la The Pearl, kisiwa cha matajiri, alikuwa chumbani kwao mtaa wa Najma, amekaa kitandani mbele ya kompyuta ya Phyllis, mwenzake wa chumbani.

Kabla ya uaskari alikuwa mwalimu. Alipokuwa likizo ya uzazi, bodi ya elimu ya kwao ikaandika kwamba ametoroka kazi, ikamfuta katika orodha ya walimu. Akaishtaki. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake lirudi, naye arudi darasani.

Kabla kesi haijasikizwa, wakili wa bodi alidai kumhoji kwa kiapo, tena ana kwa ana. Mwajiri wa Doha akamnyima ruhusa ya kusafiri. Asipohojiwa, kesi ingetupwa. Wakili wake, Gakii, akaomba ahojiwe kwa video ya kompyuta, na msajili wa mahakama akaziita pande zote mbili zimalize ubishi siku hiyo.

"Mheshimiwa," alilalamika Kiprono, wakili wa bodi, "huyu analala chumba kimoja na wanawake watatu. Nitajuaje hawamnong'onezi majibu?"

"Watatoka nje," alisema Gakii.

"Nje ipi? Mimi naona pazia tu!"

Msajili akavua miwani, akaipangusa. Jebet aliiona kesi ikimponyoka.

Hapo Scovia, mmoja wa wale watatu, Mganda asiyejua kunong'ona hata kanisani, akaingiza uso kwenye kompyuta. "Samahani, ssebo, mheshimiwa. Sisi ni wanakwaya, na Ijumaa ndiyo siku yetu ya mazoezi. Tutaimba hapo koridoni, sauti tatu. Anayeimba atanong'ona saa ngapi?"

"Na mmoja akinyamaza?" Kiprono aliuliza.

"Wimbo utachechemea, utausikia. Labda uwe umeyaacha masikio nyumbani, bwana wakili."

Msajili alicheka hadi akajifuta macho. "Naagiza hivyo. Nyimbo ziwe za adabu."

Scovia, Phyllis na Virginia wakatoka. Mlango ukafungwa, wimbo ukapanda, maswali yakaanza.

"Mheshimiwa!" Kiprono aliruka. "Sauti nzito imekatika!"

"Nimepiga chafya!" Scovia alifoka kutoka nje, akaudaka wimbo ulipofika.

Kiprono akafunua faili. "Mama, ulitoroka kazi?"

"Sikutoroka. Nilijifungua Alhamisi. Jumamosi mwalimu mkuu alikuja wodini na chupa ya uji, akampakata mtoto wangu, akaniambia nisirudi mbio. Mtoro gani huletewa uji na mkubwa wake?"

Kiprono aliandika, akakata, akaandika tena. Kisha akafunga faili.

"Sina swali jingine. Hata lile pingamizi langu la kompyuta naliondoa."

Msajili akaamuru maneno ya Jebet yawe ushahidi, kesi isikizwe mwezi ujao. "Asante, Mwalimu," akasema.

Miaka sita hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Jebet akafungua mlango mbio kuwaambia wenzake. Koridoni walikuwa kwenye ubeti wa nne, macho wamefumba, na majirani wawili Wafilipino wamejiunga nao, hawajui neno hata moja.