Bili ya Maji Tangu Aje Dada

Bili ya maji kwetu Ibra, huku Uarabuni, haiji na mtu. Inakuja kwenye simu, na mimi huisoma kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Ni mjane, nakaa nyumba za serikali, zile wanazopangishwa watu wa kipato kidogo, safu moja ukuta kwa ukuta. Kodi yake haitishi. Kinachotisha ni maji. Ukitumia kidogo, bei ina huruma. Ukivuka kiwango, yale ya ziada unauziwa kwa bei ya juu, na anayeishi kwa pensheni ya marehemu mumewe hana budi akijue kiwango hicho vizuri.

Mimi nilikuwa nakijua, na wala sikivuki. Maji niliyooshea mchele namwagia mndimu, nguo nafua mashine ikishajaa, na udhu natia kwa kopo, mfereji nimeufunga. Jirani yangu, bibi wa Kiibra hasa, hunicheka akisema watu wa Zinjibar tumezaliwa kwenye mvua na bado ni mabahili wa maji. Namwacha acheke, mbuzi wake wenyewe wanakunywa kuliko ngamia.

Kisha akaja dada yangu. Mimi niliondoka Unguja mwari, yeye akabaki, na umri wetu wote tumeongea kwa barua, baadaye kwa simu. Tangu nifiwe nilikuwa namsihi aje akae na mimi, naye ananiambia mwakani, mwakani. Alipofika mwezi wa Shaabani na begi moja la nguo, nyumba ilipata mtu wa kugombana naye. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, halafu hapo hapo ananiambia chai yangu haina tangawizi. Nilikuwa na raha ambayo sikuwa nayo miaka mingi.

Joto likaingia, na bili nayo ikapanda. Mwezi wa kwanza nilidhani wamekosea. Wa pili nikapandwa na hasira. Nikaanza na jirani, maana ana mpira mrefu anaomwagilia majani ya mbuzi aliowanunua mnadani Sinaw, nikajisemea huyu kaniingilia bomba. Nikapanda kiti nichungulie ukutani. Mbuzi mmoja akaniangalia usoni, na nyuma yake jirani mwenyewe, akaniuliza kwa Kiarabu kama natafuta mume au natafuta mbuzi. Ikabidi nishuke, nizunguke kwa mlango wa mbele, ninywe kahawa yake na tende zake, na kila finjani aliyonimiminia alicheka upya.

Siku ile ile nikampigia mwanangu, anayefanya kazi Nizwa, nikamwambia kwa sauti yangu hii ya kuuza samaki, "Tangu aje mama yako mkubwa, nyumba imekuwa mto." Nikageuka. Dada yangu yuko mlangoni na sinia la mchele anaochagua.

Aliumaliza mchele, akaupika, tukala. Baada ya kula ndipo akasema taratibu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwambie mwanao anikatie tiketi ya kurudi."

Mtu mwingine angemshika mikono. Mimi nikasema, "Haya." Neno lenyewe liliponitoka nilitaka kulirudisha, lakini kuomba radhi ni kazi inayonishinda, kuvunja ukuta ni rahisi zaidi. Nikaona dawa ni moja. Nitafute pahala maji yanapovuja, niuonyeshe ulimwengu kwamba kosa ni la bomba, na dada abaki bila ya mimi kulazimika kusema lolote.

Jumatano jirani alimchukua dada kwenda soko la wanawake. Mwanangu alikuwa amepata tiketi, akaniambia wamemwekea mpaka alasiri tu, lazima ailipie. Kwa hiyo muda niliokuwa nao ni huo. Nikafunga mifereji yote, ya jikoni, ya chooni, ya uani, nikatoka nje kwenye mita. Ndani ya mita mna kigurudumu kidogo. Kama kila kitu kimefungwa nacho kinazunguka, ujue maji yanatoka mahali. Nikachutama juani na mwavuli wangu, nikikikodolea macho. Kimetulia tuli. Nikakipiga kofi, hakikutikisika. Nikawa naomba Mungu nyumba yangu ivuje, dua ambayo nadhani haijawahi kuombwa pale mtaani.

Nikiwa bado nimechutama, dada akarudi kutoka sokoni, jasho linamtiririka, akanipita bila kuniuliza nachungulia nini. Nikasikia mlango wa chooni. Mara kile kigurudumu kikaanza kwenda. Kikaenda, kikaenda, hakisimami. Mtu anayeoga hufungua akafunga, hufungua akafunga. Huyu kafungua moja kwa moja. Roho ikaniuma kweli, maana mwizi wangu nimempata na ndiye yule yule niliyekuwa namtetea.

Nikaingia ndani, nikatega sikio kwenye mlango wa choo, Mungu anisamehe. Maji yanaanguka tu sakafuni. Kopo halisikiki. Kinachosikika ni dada yangu akisoma tasbihi.

"Dada, unaoga au unafanya nini?"

"Bado sijaoga," akasema, na mlango akaufungua. Amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kanga zake kavu, mfereji umeachiwa. "Nangoja maji yapoe."

"Yapoe vipi?"

"Si haya ya mwanzo yamepigwa na jua? Yakimalizika haya, yatakuja ya chini, ya baridi."

Kwetu Unguja ni hivyo. Unauachia mfereji kidogo, maji yaliyolala kwenye bomba yanatoka, nyuma yake yanakuja ya baridi. Lakini hapa tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua kutwa, na ukingoja maji yapoe utangoja mpaka tangi liishe. Mtoto yeyote wa Ibra anajua kwamba joto likianza unazima umeme wa hita ya maji, na kuanzia hapo maji yaliyomo ndani ya hita, chini ya dari, kivulini, ndiyo ya baridi. Unafungua mfereji wenye alama nyekundu, ule ambao siku za baridi hutoa maji ya moto. Miaka yote hii ule mfereji nimeufungua mimi mwenyewe kila siku, na halikunijia hata mara moja kwamba mtu anahitaji kuambiwa.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Na huwa yanapoa?" nikamuuliza.

"Hayapoi. Nikichoka kungoja naoga hivyo hivyo." Akaifunua kanga begani. Ngozi imewiva, imekuwa nyekundu mpaka kwenye shingo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Kila nikikaa unanisomea bili."

Nikaingia na viatu vyangu, nikafunga ule mfereji, nikafungua wenye alama nyekundu. Yeye akarudi nyuma, amejikunyata. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye maji. Alifumba macho.

"Nisamehe, dada," nikasema.

"Toka nioge," akanijibu.

Nikatoka. Nikasikia kopo linaingia ndooni, maji yanamwagika, tena, na tena, na yeye akaanza kuimba kitu cha harusini. Hakutoka. Nikajua tumeshavuka kiwango cha mwezi ule, nikajiziba mdomo kwa mkono. Simu ikalia. Mwanangu anauliza, alasiri imeingia, tiketi alipe au aiache?

Nikagonga mlango. "Dada, mtoto anauliza habari ya tiketi."

Maji yakatulia kidogo. "Mwambie nitakwenda joto likimalizika."

Nikamwambia mwanangu aiache. Joto limekwisha, baridi imekuja ikapita, na joto jingine limeingia, na mpaka leo hakuna aliyemkumbusha.